Umma Party ya Zanzibar: chama cha makomredi ambacho hakikumaliza hata mwaka

Mpembuzi wa Kale (#1)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa Mapinduzi kuna mtu kaandika kwamba Umma Party lilikuwa tawi la Hizbu, yaani chama cha ZNP. Akajibiwa kwamba hapana, lilikuwa tawi la ASP, Afro-Shirazi Party ya Karume. Wa tatu akaja na lake: chama cha Hanga, mwanasiasa wa Zanzibar nitakayemfikia. Wote watatu wamekosea na wote watatu wameungwa mkono na watu kibao, ndiyo maana nimeona hiki chama kipate uzi wake. Wenye haraka wapite tu, huu utakuwa mrefu.

Huwezi kuisimulia Umma bila kumsimulia Abdulrahman Mohamed Babu. Kazaliwa Unguja 1924. Mwaka 1951 akaenda Uingereza kusoma, akawa karani wa posta London, na huko huko ndiko siasa za mrengo wa kushoto zilikomkuta. 1957 anarudi nyumbani kushika ukatibu mkuu wa Zanzibar Nationalist Party, yaani ZNP, ambayo Wazanzibari wenyewe wanaiita Hizbu.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mkomunisti anafuata nini kwenye chama chenye wenye mashamba ya karafuu na watu wa karibu na Sultani? Jibu langu ni kwamba Hizbu ya 1957 ilikuwa na sauti kali kuliko wengine katika kudai Mwingereza aondoke haraka, na ilikuwa haina mtu wa kuipanga. Babu akaipanga. Kukawa na umoja wa vijana ulioitwa YOU, kukawa na gazeti la ZaNews, kukawa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, FPTU, lililofanya kazi bega kwa bega na chama. Vijana wakapelekwa kusoma na kujifunza siasa Cairo, Beijing na Havana. Hizbu ikafikia kuwa na ofisi Havana, chini ya Ali Sultan Issa. Fikirieni hilo jamani: chama kilichokuwa kikimtetea Sultani kina ofisi kwa Fidel Castro!

Ndoa ya namna hiyo lazima ivunjike. 1962 Waingereza wakamfunga Babu miezi 15 kwa kosa la uchochezi. Wafuasi wake walishuku kwamba wakubwa wa Hizbu walifurahi kimoyomoyo, na wengine walikwenda mbali zaidi ya kushuku. Alipotoka 1963 uchaguzi wa Julai ulikuwa mlangoni. Kwenye mkutano wa chama akataka wagombea wasiteuliwe kwa nasaba, chama kijitanue kwa Waafrika wa mashambani na Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, kiache kuonekana chama cha Waarabu. Upande wa Ali Muhsin, kiongozi wa Hizbu, ukakataa. Babu akatoka, akatoka na vijana wake na sehemu kubwa ya watu wa vyama vya wafanyakazi. Wakaanzisha Umma.

Jina lenyewe lina ujanja wake. Msikitini neno umma lina maana yake, kila Mzanzibari analijua tangu chuoni. Makomredi wakalichukua wakalitia maana ya walalahoi wote, awe Mmanga, Mngazija, Mhadimu au Mnyamwezi mchukuzi wa bandarini.

Naendelea jioni, nina foleni ya watu dukani.

---

Kidumu_cha_Taa (#2)

Nimeshaweka mkeka hapa. Lete mzigo mkuu.

---

Mtoto wa Gerezani (#3)

Swali dogo kabla hujaendelea. Walikuwa wakomunisti kweli au ni Waingereza na Wamarekani ndio waliowapa hilo jina? Maana enzi zile ukidai mshahara tu ushakuwa mkomunisti.

---

Mpembuzi wa Kale (#4)

Swali zuri. Chama hakikujiita cha kikomunisti, kwenye jina hakuna. Lakini viongozi wake walikuwa Wamarx na hawakuficha. Babu mwenyewe alikuwa karibu na China, alikwenda kule kabla ya uhuru na akaandikia shirika la habari la Xinhua. Walichokuwa wakisema mikutanoni ni kwamba ugomvi wa Zanzibar si wa Mwarabu na Mwafrika, ni wa anayechuma karafuu na anayeuza karafuu. Unaweza kubishana nao, ila huo ni Umarx, haukubuniwa na mpelelezi wa Kiingereza.

Hapo hapo nimalize suala la Hanga. Abdulla Kassim Hanga alikuwa ASP tangu zamani. Alisoma Moscow, akaoa huko huko, na siasa zake zilikuwa za kushoto, ila za upande wa Warusi. Hakuwa Umma. Kwa hiyo 1964 kuna mtu wa Beijing katika chama kidogo na mtu wa Moscow katika chama kikubwa, kwenye kisiwa ambacho unakivuka kwa baiskeli kabla jua halijakuwa kali.

Sasa tuendelee. Uchaguzi wa Julai 1963 Umma hawakusimamisha mtu. ASP walipata asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu 12, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) ya Mohamed Shamte 6, wakaungana wakaunda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, Sultani Jamshid mkuu wa nchi, Shamte waziri mkuu.

Serikali ile ilikaa mwezi mmoja na siku mbili. Katika muda huo mfupi ilifanya makosa mawili ambayo hata adui yake asingeyapanga vizuri zaidi. La kwanza ni kuwaachisha kazi polisi wenye asili ya bara, watu wanaoijua kila ghala ya silaha ilipo na mlango wake unafungukaje. La pili, mwanzoni mwa Januari 1964, ni kuipiga marufuku Umma. Babu akapata habari kwamba anatafutwa, akatoroka kwa mashua hadi Dar es Salaam.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia 12 Januari, silaha zilipochukuliwa Ziwani na Mtoni, mwenyekiti wa Umma hakuwepo kisiwani. Hili liwekeni akilini, maana wapo wanaoandika kwamba Babu ndiye aliyepanga yote. Waliopanga ni watu wa ASP, hasa vijana wao, pamoja na John Okello aliyetoka Uganda na sauti yake ile ya redioni. Umma waliingia mapambano yakishaanza.

---

BintiShangani (#5)

Salaam aleikum nyote. Mie ni mtu wa Mji Mkongwe, nimezaliwa baada ya hayo lakini nimelelewa nayo, na nasema kidogo hapa.

Ni kweli waliingia yakishaanza, lakini usiwapunguze, sheikh. Wale ndio waliokuwa na mafunzo. Wengine wametoka Cuba, wanajua bunduki inashikwaje na mtu anapangwa wapi. Kituo cha polisi cha Malindi ndicho kilichokaza mpaka mwisho, na makomredi walikuwemo katika kukiteka. Na mjini petu panasemwa mpaka leo kwamba penye komredi palikuwa na salama kidogo, kwa sababu wao walikuwa wana jamaa kila upande. Bibi yangu alikuwa akiwaita "vijana wa ndevu". Walifuga ndevu na kuvaa kama watu wa Castro, wakikutana wanapiga ukelele wa "Venceremos!", yaani "tutashinda" kwa Kihispania. Waandishi wa Kizungu waliokuja siku zile wakaandika kuwa askari wa Cuba wametua Unguja. Kumbe ni watoto wa Malindi na Vikokotoni, mamazao wanawajua kwa majina.

Lakini pia tusipambe. Watu wengi sana walikufa wiki zile, na wengi wao makosa yao ni nasaba tu. Kila chama kilichokuwemo kina cha kujibu, na Umma kimo.

---

Kidumu_cha_Taa (#6)

Dada hapo kwa Wacuba feki nimecheka kwa sauti ofisini.

---

Mpembuzi wa Kale (#7)

@BintiShangani asante, umenyoosha pale nilipopapinda. Na hizo ndevu ziligharimu zaidi ya kicheko. Washington na London waliingiwa na hofu ya "Cuba ya Afrika" na hofu yenyewe walimbandika Babu. Waingereza walitayarisha mipango ya kijeshi ya kuingia Zanzibar, mmoja ukiitwa Parthenon, mwingine Boris, wakihofia kwamba Umma itamzidi nguvu Karume na kuchukua nchi. Nchi yenye jeshi la wanamaji Bahari ya Hindi nzima inakesha kwa sababu ya chama ambacho wanachama wake wa maana ungeweza kuwapakia kwenye malori machache.

Baada ya Mapinduzi, Karume Rais, Hanga anamfuatia, Babu anapewa ulinzi na mambo ya nje. Khamis Abdulla Ameir anaingia Baraza la Mapinduzi. Ali Mahfoudh ni mmoja wa walioliunda jeshi jipya. Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 22, anapelekwa balozi Cairo. Ukiangalia idadi yao na vyeo walivyopata, hakuna chama kilichovuna vile kwa wiki chache.

Halafu Machi 1964 wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa uzi huu. Wakajivunja, wakaingia ASP.

Nimelifikiria hili miaka mingi. Kila kitu kilichowapata baadaye naona mlango wake ni hapo. Walikuwa na chama, gazeti, wafanyakazi waliopangwa, na makada waliosoma. Walivyovikabidhi wakabaki kila mtu na cheo chake, na cheo anakupa Rais, anakunyang'anya Rais. Mwezi haukupita sana, tarehe 22 Aprili Nyerere na Karume wanatia saini Hati za Muungano, Babu yuko safarini Asia. Anarudi anakuta wizara ya mambo ya nje ya Zanzibar haipo tena duniani. Yeye akahamishiwa Dar kwenye serikali ya Muungano. Wengine wakatawanywa kwenye balozi, jeshini, wizarani. Hakuna aliyewafukuza kama kundi, kwa sababu kundi halikuwepo tena. Walikuwa wameshalivunja wenyewe.

---

Mwana_Nadharia (#8)

Mkuu, naheshimu uzi wako, ila hapa nakukatalia. Unazungumza kana kwamba walikuwa na njia mbili wakachagua mbaya. Ipi ya pili? Chama cha mjini, viongozi wake nusu wametoka Hizbu miezi tisa tu iliyopita, wengi wana damu ya Kiarabu au Kingazija, na nje kuna umma halisi wa ASP wenye mapanga mkononi na makovu ya miaka saba ya siasa za kikabila. Juni 1961 watu 68 walikufa siku za uchaguzi, hilo halijasahaulika. Ukibaki na chama chako pembeni, wiki ya pili utaitwa Hizbu waliojificha. Kujivunja ndiyo iliyowapa uhai hadi 1972.

Na kuna hoja nyingine. Marufuku ya vyama vingine ilikuwa inakuja tu. Wangekataa, wangevunjwa. Afadhali uvue shati mwenyewe kuliko kuvuliwa barabarani.

---

Mpembuzi wa Kale (#9)

Hoja ya shati nimeielewa 😂 na ya kwamba wangeitwa Hizbu siipingi, maana waliitwa hivyo hivyo hata baada ya kujivunja. Mwaka 2005 Salim anaomba kuteuliwa na CCM kugombea urais wa Muungano, mtu ameshakuwa Waziri Mkuu, ameongoza OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, miaka 12, bado watu wanamzungushia neno Hizbu. Miaka 42 tangu alipoikimbia Hizbu! Kwa hiyo shati walivua na jina likabaki mgongoni.

Ninachosema ni kingine. Ukiingia kwenye chama kikubwa kama kundi lenye masharti, hata ukishindwa unashindwa ukiwa na watu wako. Wao waliingia mmoja mmoja kama abiria.

---

Mtoto wa Gerezani (#10)

Mlete 1972 sasa. Na huyo Babu alifanya nini miaka minane yote Dar?

---

Mpembuzi wa Kale (#11)

Alifanya mengi, ila mengi yalikuwa ya mtu binafsi, ndiyo hoja yangu. Alikuwa waziri katika wizara za biashara na uchumi, na ndiye mmoja wa waliofungua njia ya Beijing iliyokuja kuzaa reli ya TAZARA. Desemba 1964 alikuwa New York, Malcolm X akamkaribisha jukwaani Audubon Ballroom. Siku ile Che Guevara alikuwa aje, akashindwa, akatuma salamu zikasomwa na Malcolm mwenyewe, kisha akapanda Babu. Mtu wa ZaNews! Haya, lakini huko Unguja hana hata tawi moja la kuitisha mkutano.

Februari 1972 Nyerere akamwacha nje ya baraza la mawaziri. Tarehe 7 Aprili 1972, Karume akapigwa risasi makao makuu ya ASP, Kisiwandui, akiwa anacheza bao. Aliyempiga, Luteni Humud Mohamed Humud, alikuwa mmoja wa vijana waliotoka Umma, na baba yake alifia mikononi mwa serikali. Kuanzia jioni ile kila aliyewahi kuitwa komredi alikuwa mtuhumiwa. Waliokuwa Zanzibar wakakamatwa, waliokuwa bara, Babu na Ali Mahfoudh wakiwemo, wakatiwa kizuizini.

Kesi ya uhaini ikaanza 1973, washtakiwa 81. Mahakama ya wananchi haikuwa na mawakili wa utetezi. Mwanasheria mkuu Wolfango Dourado alishtaki, na yeye yule akatakiwa kutetea. Washtakiwa wengi walisema maelezo yao yalitolewa kwa mateso. Mei 1974 hukumu ikatoka na wengi wakahukumiwa kifo, Babu akiwemo ingawa hakuwepo kizimbani, kwa sababu Nyerere alikataa kuwapeleka Zanzibar waliokuwa wameshikwa bara. Alikataa kuwatoa na alikataa kuwaachia. Wakakaa gerezani bara mpaka 1978 bila kesi ya kwao huko.

---

BintiShangani (#12)

Hapo kwa Nyerere watu wa kwetu wana kauli mbili ndani ya nyumba moja. Mmoja atakwambia aliwaokoa roho zao. Mwengine atakwambia miaka sita ya mtu ni miaka sita. Na wote wawili wana haki ya kusema, kwa sababu walikuwa wakipeleka chakula na wanarudishwa nacho.

Nataka pia nimjibu @Mwana_Nadharia. Unasema chama cha mjini, sawa. Lakini usisahau kwamba siasa yao ilibaki hata chama kilipokufa. Ali Sultan Issa akawa waziri wa elimu, akaanzisha makambi ya vijana, watoto wa mjini wakapelekwa kulima kama Cuba. Wapo waliomchukia mpaka leo kwa hayo, nami nawajua. Ardhi ikataifishwa, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Wajerumani wa Mashariki wakajenga majumba Kilimani. Karume hakuwa Mmarx wala hakudai, lakini alichukua alichokitaka kwao, vyengine akavitupa.

Kinachonichekesha ni mwisho wa Ali Sultan. Alipotoka jela na dunia ikageuka, mtu aliyekuwa na ofisi kwa Castro akaja kuwa mfanyabiashara wa hoteli ya watalii. Na hakuona haya, alisimulia waziwazi.

---

Mwana_Nadharia (#13)

Huo ni mfano wangu kabisa dada. Watu walibadilika kwa sababu dunia ilibadilika, sio kwa sababu hawakuwa na kadi ya chama. Mbona wakomunisti wa nchi nyingine waliobaki na vyama vyao nao waliishia gerezani na hotelini?

---

Mpembuzi wa Kale (#14)

Hapo umenibana kidogo, nakubali. Ila nitazame Babu mwenyewe. Baada ya 1978 akaenda Marekani kufundisha, kisha London. Kitabu alichokiandika gerezani, karatasi zikatolewa kwa siri, kikachapishwa London 1981. Humo anaukosoa Ujamaa wa Nyerere kutoka upande wa kushoto, kwamba kugawana kabla ya kuzalisha ni kugawana umaskini. Hoja nzito. Lakini kazungumza na nani? Wanafunzi wa vyuo na wahamishwa wenzake. Vyama vingi vilirudi 1992, na 1995 alikuja nyumbani, mzee wa miaka 70 na kitu, akajiunga NCCR-Mageuzi, chama cha watu wengine kabisa. Hakujaribu kuifufua Umma. Mwaka uliofuata, Agosti 1996, akafariki London.

Hilo la kutoifufua ndilo linalonikera. Nimeuliza watu kadhaa kama kuna mwenye kadi ya uanachama ya Umma, hata picha yake tu, nione ilikuwa rangi gani, iliandikwa nini. Kadi za ASP zipo, za Hizbu nimeziona kwa macho yangu. Za Umma sijawahi. Kama kuna mtu humu ana mzee aliyekuwemo, aniambie.

---

Kidumu_cha_Taa (#15)

Kadi gani mkuu, chama cha miezi tisa hata wino haujakauka.

---

BintiShangani (#16)

Mie nilikuwa na ami yangu. Alikuwa komredi, hakuwa mkubwa, alikuwa mtu wa kuchapa na kubandika matangazo usiku. Alikaa ndani baada ya 72 kisha akatoka, akaishi kimya, akifundisha hesabu skuli. Hakuwahi hata siku moja kusema "nilipokuwa Umma". Akisema "tulipokuwa vijana".

Kabla hajafa nilimuuliza hicho hicho unachouliza wewe, kadi iko wapi. Akanambia ilikuwepo, aliificha miaka minane ndani ya jalada la msahafu, na juu yake imeandikwa jina lake kwa mkono wa mtu aliyekuja kuwa balozi. Siku aliyopigwa Karume, habari ilipofika mtaani, mamake aliingia chumbani hakuuliza kitu, akautoa msahafu kwenye rafu, akaitoa kadi, akaenda nayo jikoni. Alikuwa anapika wali. Ami akasema alisimama mlangoni akaitazama mpaka ikaisha, na kisha mamake akamwambia chakula tayari.

Rangi sikumuuliza.